Nimebadilisha throto, namba P2135 imerudi: ninunue nyingine?

*"Ninaendesha Toyota Premio ya mwaka 2008 yenye injini ya 1NZ na gia za otomatiki. Mwezi uliopita, nikipanda mlima Kitonga na familia, taa ya injini iliwaka na gari likakosa nguvu ghafla. Nilikanyaga pedali ya mafuta hadi chini, lakini gari lilijikokota tu. Niliegesha, nikazima, nikawasha tena, likaenda kama kwamba hakuna lililotokea. Fundi alipima kwa mashine akapata namba P2135, akasema sensa ya throto imelika, na kwa kuwa sensa hiyo haiuzwi peke yake nikanunua throto bodi ya mtumba kwa shilingi laki tatu na nusu. Gari lilikwenda vizuri siku tisa, kisha tatizo likarudi na namba ileile. Sasa naambiwa ninunue throto mpya kabisa au nibadilishe kontroli boksi. Mke wangu anaogopa kwamba siku moja gari litakimbia lenyewe. Je, ninunue? Na ni salama kwenda nalo Mbeya mwisho wa mwezi?"*

Ndugu msomaji, pole kwa usumbufu huo na kwa gharama. Nitaanza na jibu la swali la kwanza ili usije ukatoa fedha kabla hujamaliza kusoma: usinunue throto mpya (kifaa chenye bamba linaloruhusu hewa kuingia kwenye injini) wala kontroli boksi (kompyuta ya injini) kwa sasa. Umeandika jambo moja ambalo kwangu lina uzito kuliko hata namba iliyosomwa na mashine, nalo ni kwamba gari lilitulia siku tisa baada ya throto kubadilishwa, kisha likarudia vilevile. Throto mbili tofauti, zilizotoka kwenye magari mawili tofauti, kuwa na ugonjwa mmoja unaotoa namba moja ni jambo linalowezekana, lakini ni nadra. Kilichobaki palepale wakati throto inabadilishwa ni soketi, nyaya na kompyuta. Kati ya hivyo vitatu, soketi na nyaya ndizo zinazopaswa kushukiwa kwanza.

Kosa linalowagharimu watu wengi ni kudhani kwamba mashine ya kupimia inataja kifaa kilichokufa. Haifanyi hivyo. Namba ya hitilafu ni taarifa ya kompyuta kwamba imepokea ishara ambayo haiwezi kuiamini, na kompyuta haina njia ya kujua kama ishara hiyo imeharibikia ndani ya sensa, kwenye pini ya soketi, au njiani kwenye waya. Fundi aliyekwambia kwamba sensa imelika alikuwa anakisia. Tena kwa gari lako ukisiaji huo una udhaifu wa ziada, kwa sababu throto za Toyota za kizazi hicho hutumia sensa inayosoma mabadiliko ya sumaku bila vipande vyake kugusana. Sensa za zamani zilikuwa na kijino kilichotelezea juu ya njia ya kaboni, na kweli zililika. Hii ya kwako inaweza kufa, lakini haiishi kwa kusuguliwa.

Ili uweze kufuatilia nitakayosema, ni vizuri uelewe mfumo wenyewe unavyofanya kazi. Katika magari ya zamani, pedali ya mafuta ilivuta kebo, na kebo ikafungua bamba linaloruhusu hewa kuingia kwenye injini. Katika gari lako kebo hiyo haipo. Pedali ina sensa mbili zinazoieleza kompyuta mguu wako umekanyaga kiasi gani, na kompyuta huiamuru mota ndogo ya umeme iliyo ubavuni mwa throto ilizungushe bamba kupitia meno ya gia. Kwenye bamba lenyewe kuna sensa nyingine mbili zinazorudisha taarifa kwamba bamba limefika lilikoagizwa. Sababu ya kuweka sensa mbili kila upande ni usalama: mbili zikikubaliana, kompyuta huendelea na kazi, na zikipingana, kompyuta huacha kuziamini.

Soketi ya throto ya gari lako ina nyaya sita. Mbili zinapeleka umeme wa mota. Mmoja unapeleka volti 5 za kulisha sensa, mmoja ni athi ya sensa (njia ya umeme kurudi), na mbili zilizobaki zinarudisha ishara, ambazo katika vitabu vya Toyota huitwa VTA1 na VTA2. Ishara hizi mbili zote hupanda kadiri bamba linavyofunguka, lakini hazipaswi kulingana zikiwa chini ya kiwango cha juu kabisa. Pedali ikiwa imeachiwa, VTA1 huwa takribani volti 0.5 hadi 1.1, na VTA2 takribani volti 2.1 hadi 3.1. Pedali ikikanyagwa hadi mwisho, ya kwanza hupita volti 3.2 na ya pili hukaribia volti 5. Nafasi kati yao ndiyo inayoiambia kompyuta kwamba kila ishara inapita kwenye njia yake.

Sasa rudi kwenye P2135. Kwa Toyota, namba hii huwekwa pale ishara hizo mbili zinapokuwa karibu sawa kabisa, tofauti ikiwa volti 0.02 au pungufu kwa nusu sekunde, au zote mbili zinaposhuka chini isivyo kawaida kwa muda unaokaribia huo. Ishara mbili zisizopaswa kulingana zitalinganaje? Njia iliyo rahisi kuliko zote ni nyaya zao kugusana mahali ambapo ngozi ya plastiki imechubuka, au pini zao kuunganishwa na maji na ukungu wa kijani ndani ya soketi. Athi ya sensa ikiachia, ishara zote mbili huweza kupanda pamoja hadi zikakutana karibu na volti 5. Volti 5 za kulisha zikikatika, zote mbili huanguka. Sensa yenyewe kuharibika kwa ndani ipo kwenye orodha pia, ila si peke yake, na kama ingekuwa sensa iliyopoteza usahihi taratibu ningetarajia zaidi kuona P0121, ambayo huwekwa tofauti ya ishara mbili inapokuwa nje ya kiasi kinachoruhusiwa bila kulingana kabisa.

Hapo ndipo siku tisa zinapopata maana. Fundi alipobadilisha throto alichomoa soketi, akaisogeza pembeni, akairudisha. Kitendo hicho kinatosha kuzikwangua pini zilizoshika ukungu, au kuzitenganisha nyaya mbili zilizokuwa zinagusana, na gari likapata nafuu ambayo kila mtu akadhani imeletwa na throto. Baada ya mtikisiko wa siku kadhaa na joto la injini, mambo yakarudi yalipokuwa. Nimeliona hili mara nyingi kiasi kwamba mteja akiniambia "lilikaa wiki moja hivi likarudi", mkono wangu huenda kwenye soketi kabla ya kuwasha mashine.

Umeeleza pia kwamba kuzima na kuwasha kuliliponya gari. Hilo nalo huwapotosha watu, wakadhani kompyuta imechanganyikiwa na inahitaji kubadilishwa. Kwa kweli kompyuta inafuata utaratibu iliopangiwa. Ikishaona mgongano, hukata umeme wa mota ya throto, na springi hulirudisha bamba kwenye uwazi mdogo uliopangwa, unaokadiriwa kuwa nyuzi 6 au 7. Kuanzia hapo kompyuta huongoza nguvu ya injini kwa kupunguza mafuta na kubadilisha wakati wa cheche za plagi, kulingana na unavyokanyaga, ili uweze kujikokota hadi mahali salama. Hali hiyo ya kujihami haiondoki ukiwa barabarani. Huondoka pale ishara zinapokuwa zimerudi sawa na wewe ukazima swichi. Kwa hiyo kuwasha upya na kwenda vizuri hakumaanishi kwamba kompyuta ni mbovu, bali kwamba ubovu wenyewe ni wa kuja na kuondoka, na ubovu wa namna hiyo kwa kawaida hukaa kwenye maungio.

Hofu ya mke wako ninaiheshimu, na inastahili jibu kamili. Kama ulivyoona, mfumo huu ukishindwa hujifunga kuelekea upande wa kukosa nguvu. Suala la magari kukimbia yenyewe lilichunguzwa kwa kina nchini Marekani baada ya malalamiko mengi kuhusu magari ya Toyota. Wahandisi wa shirika la anga la NASA walishiriki, na matokeo yalitolewa Februari 2011: hawakupata kasoro ya kielektroniki yenye uwezo wa kufungua throto kwa kiasi kikubwa cha kusababisha matukio hayo, na kasoro zilizothibitishwa zilikuwa mbili za kawaida, pedali zilizonata na mazulia ya sakafuni yaliyoibana pedali. Ubishi wa kisheria uliendelea baadaye, na sitakwambia kwamba hatari ni sifuri, kwa kuwa hakuna mhandisi mwaminifu atakayesema hivyo. Ninachoweza kusema ni kwamba tatizo unaloliona wewe ni ulinzi unaofanya kazi yake, na kwamba leo hii ningependa uchungulie chini ya usukani. Magari mengi ninayoyapokea yana zulia la mpira lililotandikwa juu ya zulia la kiwandani bila kufungwa kwenye ndoano zake. Ondoa moja.

Mfundishe pia mkeo, kama naye huendesha, jambo la kufanya endapo gari lolote litaongeza mwendo bila kuagizwa: kanyaga breki kwa nguvu na uishikilie bila kuipampu, peleka gia kwenye N, ingia pembeni, kisha zima injini. Breki zikipampuliwa wakati throto imefunguka, msaada wake wa hewa huisha na pedali huwa ngumu.

Hatari halisi katika hali yako ni nyingine. Ni kukosa nguvu ghafla ukiwa unalipita lori mlimani, au kwenye kona huku basi likikufuata kwa karibu. Hiyo ndiyo inayonifanya nisikuruhusu kulichukulia jambo hili kuwa ni kero tu.

Sasa kuhusu kazi yenyewe. Mtafute fundi umeme wa magari mwenye mashine inayoonyesha thamani za sensa papo kwa papo, wala si inayosoma namba tu, na mwenye mita ya kupimia umeme. Vile vifaa vidogo vya kuchomeka vinavyounganishwa na simu vinasaidia kusoma namba, lakini vingi havionyeshi volti za VTA1 na VTA2 kwa kasi ya kutosha. Mwombe asifute namba kabla ya kuandika taarifa iliyohifadhiwa nayo, kwa sababu kompyuta hutunza hali ya gari ilivyokuwa wakati ule: mwendo, joto la injini, mzunguko wa injini. Fundi anayefuta kwanza ndipo akaanza kutafuta amejinyang'anya ushahidi.

Aanze na betri, maana ni kazi ya dakika tano. Betri iliyopumzika iwe karibu na volti 12.6, na injini ikiunguruma chaji iwe kati ya volti 13.5 na 14.5 hivi. Tamino zilizolegea na waya wa athi wenye kutu kati ya injini na bodi huzalisha namba za ajabu za kila aina. Sidhani kwamba ndilo tatizo lako, kwa sababu betri mbovu isingechagua kuleta P2135 peke yake mara mbili mfululizo, lakini haipimwi kwa kudhani.

Kisha swichi iwashwe bila kuwasha injini, mashine iweke volti za ishara zote mbili kwenye kioo, na mtu mmoja aikanyage pedali polepole hadi chini na kuiachia. Namba zipande na kushuka bila kuruka. Usishtuke mashine ikionyesha kwamba throto iko wazi asilimia 15 wakati hujakanyaga kitu. Kwa Toyota, kati ya asilimia 10 na 22 ni kawaida kwa pedali iliyoachiwa, na nimeona throto nzima zikitupwa kwa sababu fundi alitarajia kuona sifuri.

Hatua inayofuata ndiyo yenye thamani kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Huku namba zikionekana, fundi aushike mkono wa nyaya (fungu la nyaya zilizofungwa pamoja) kuanzia kwenye soketi ya throto na kuufuata inchi kwa inchi, akiutikisa, akiupinda, akiubonyeza, huku mwenzake akitazama kioo. Pale ambapo VTA1 na VTA2 zitakutana ghafla, mkono wake utakuwa juu ya tatizo. Gari moja lililonitesa siku mbili lilikuwa na nyaya zilizopita chini ya klipu ya chuma karibu na betri. Kwa nje tepu nyeusi ilikuwa nzima na safi. Nilipoichana, nyaya mbili zilikuwa zimelazwa bega kwa bega, kila mmoja ukiwa na kidonda kisichozidi punje ya mchele, na shaba yake imeng'aa kwa kusuguana. Injini ikivuta kwa nguvu hujiinua kidogo kwenye mpira wake, na klipu ilikuwa inazibana nyaya hizo hapo hapo. Mlima unadai injini ivute, ndiyo maana gari lile lilikuwa linafia mlimani tu. Ninapokusoma ukitaja Kitonga, ninaikumbuka klipu ile.

Soketi ichomolewe na ichunguzwe kwa tochi. Ukungu wa kijani au weupe kwenye pini huonyesha kwamba maji yamewahi kuingia, na hapa naomba ujiulize kwa uaminifu: je, gari lilioshwa injini kwa mashine ya presha miezi ya karibuni? Angalia pia kama kuna alama za meno ya panya, hasa kama gari hulala nje karibu na mabanda ya nafaka au kuku. Kila tundu la soketi lijaribiwe kwa pini ya unene unaofanana nayo ili kuona kama linashika au limelegea. Lisipanuliwe kwa kuchomekwa ncha nene ya mita, kwa maana huo ni ubovu mpya unaotengenezwa gereji.

Zikishapita hizo, tamino za betri zifunguliwe, soketi ya throto na ya kompyuta zote zichomolewe, na nyaya zipimwe. Kila waya kutoka mwisho hadi mwisho uwe na ukinzani ulio chini ya omu 1, na kati ya VTA1 na VTA2 kusiwe na mawasiliano yoyote. Kipimo hiki kina udhaifu wake: waya uliobaki na uzi mmoja wa shaba utafaulu hapa na kufeli barabarani. Ndiyo maana nimeweka kutikisa kabla ya kupima ukinzani. Volti 5 za kulisha nazo zipimwe, kwa kuwa katika magari mengi chanzo hicho hugawanywa kwa sensa zaidi ya moja, na sensa nyingine yenye shoti huweza kuziangusha zote. Kama bado hakuna kilichoonekana, atafutwe mwenye osiloskopu, kifaa kinachochora ishara na kuonyesha mkatiko wa muda mfupi ambao mita ya kawaida haiwezi kuuona.

Pengine utashauriwa usafishe throto. Uchafu mweusi wa kaboni huleta sailensa (muungurumo wa injini bila kukanyaga mafuta) inayotikisika, injini kuzima unaposimama kwenye taa, au bamba kunata, na namba zake ni za familia nyingine, kama P2111 na P2112. Hauleti P2135. Ukiisafisha kwa sababu nyingine, tamino za betri ziwe zimefunguliwa, utumike kitambaa laini chenye dawa ya throto badala ya kumwagia dawa kwenye shimo la ekseli, na bamba lisilazimishwe kwa bisibisi. Usiweke kidole humo wakati swichi imewashwa, maana mota ile ina nguvu ya kukiumiza.

Throto uliyonunua usiitupe, wala ile ya kwanza. Kama soketi au waya utarekebishwa na tatizo likaisha, utakuwa na akiba mkononi. Hakikisha tu kwamba namba ya kifaa iliyoandikwa kwenye zote mbili inafanana, kwa kuwa 1NZ ilifungwa kwenye magari mengi na throto zake si zote zinazolingana. Baada ya throto kubadilishwa, kompyuta huhitaji kujifunza upya sehemu ya sailensa. Kwa Toyota nyingi inatosha kufungua tamino hasi kwa dakika moja au zaidi, kisha kuwasha bila kugusa pedali na kuacha injini ipate joto.

Kontroli boksi iwe ya mwisho kabisa, na ibadilishwe tu pale nyaya zinapokuwa zimethibitishwa nzima, volti 5 na athi zinatoka zikiwa na kasoro kwenye kompyuta yenyewe, na fundi anaweza kukuonyesha hilo kwa mita mbele ya macho yako. Kompyuta ya mtumba inaweza kuja na tatizo la kutoitambua funguo yako, na ukajikuta na gari lisilowaka kabisa badala ya gari linalokosa nguvu mara moja kwa wiki mbili.

Kuhusu Mbeya, ushauri wangu ni usiende nalo kabla ubovu haujaonekana kwa macho na kurekebishwa. Ninaposema kuonekana, namaanisha waya wenye kidonda, pini yenye ukungu, au mchoro wa ishara unaokatika, wala si "nimefuta namba, jaribu tena". Likirekebishwa, liendeshe wiki mbili karibu na nyumbani, ukitafuta makusudi mlima na barabara ya vumbi yenye mtikisiko, ukiwa peke yako na mchana. Kama safari haiahirishiki, panda basi. Na kama taa itawaka ukiwa njiani kabla ya matengenezo, washa taa za hatari, jikokote kushoto hadi mahali panapoonekana kutoka mbali, zima, subiri nusu dakika, washa, uende moja kwa moja gereji iliyo karibu badala ya kuendelea na safari. Ukisikia harufu ya waya unaoungua, au pedali ikikwama chini bila kurudi, usiwashe tena hata kama ni jaribio la mwisho: ita gari la kuvuta.